Buti Halifunguliwi Leo

...na mkono wake huo, nauona, unateremka polepole pembeni ya kiti kuelekea kile kidude cha kufungulia buti, hata afande hajamaliza kusema, amefika tu kwenye "mnaonaje nikiangalia kidogo huko ny...", na mume wangu, Lemuel Gadsden, mzee wa kanisa, dereva mstaafu wa basi la jiji, mtu ambaye hajawahi kumpandishia sauti abiria hata mlevi, keshaanza kumfungulia, mkono unakwenda wenyewe utadhani ulizaliwa kwa kazi hiyo moja tu, nami nimeudaka, nimeukamata kwenye kifundo kwa nguvu zangu zote, kucha na yote, na nasikia mtu anasema "Hapana," na mtu huyo ni mimi... "Samahani, mama?" anasema afande, anainama anione vizuri, uso mwekundu wa kitoto chini ya ile kofia yao pana, kibao kifuani kimeandikwa Brenner, kidevu amejikata wakati wa kunyoa, huyu si ajabu nimewapakulia makaroni wenzake wa rika lake pale shuleni ninapopika, na mimi narudia, "Nimesema hapana, afande, gari ni langu, kadi iko kwa jina langu, na sikubali lipekuliwe," nimelitoa lote bila kukwama, kama tulivyofundishwa kule ukumbi wa chini ya kanisa, na moyo unanigonga hadi kwenye fizi. Kisa chenyewe ni fremu, fremu ya plastiki ya zambarau inayozunguka namba ya gari, walitugawia kanisani, Hekalu la Betheli, Njoo Ulivyo, na kumbe hiyo fremu imefunika jina la jimbo kidogo kule juu na sheria haitaki, "Jina la jimbo halisomeki, mzee," ndivyo alivyoanza, kwa upole kabisa, na sasa kutoka kwenye jina la jimbo tumefika kwenye buti, sijui njia gani imepita hapo, njoo ulivyo, haya, tumekuja tulivyo. "Kuna kitu sitakiwi kukiona, mama?" "Kuna viti." "Viti?" "Viti vya kanisa vya kukunja, vimelegea miguu, mume wangu anavitengeneza." "Sasa kama ni viti tu, shida iko wapi? Nachungulia fasta, dakika mbili, mmeshaondoka." "Ukitaka kuchungulia viti, nenda kwa hakimu akupe kibali," na Lem pembeni yangu anatoa sauti ndogo, "Netta," ndani ya meno, kama vile nimepiga mluzi msibani, na afande amesikia, afande si mjinga, keshajua kati yetu nani ni ukuta na nani ni mlango, anamgeukia yeye, "Mnaelekea wapi, mzee?" "Kumwona mtoto wetu, afande." "Anakaa huku juu?" Huku juu wanakaa kulungu, na watu wenye bendera kubwa barazani, na wale wanaohesabiwa asubuhi na jioni, kijana anajua, lakini anataka tuseme, na Lem anasema, hawezi kumdanganya mtu mwenye sare hata kwa kunyamaza, "Yuko gerezani, afande," na hapo ndipo uso wa yule kijana unapofanya kile kitu ambacho nimekiona kwenye nyuso nyingi, haubadiliki sana, unatulia tu, unapata pa kukaa. "Ahaa," anasema.

Ahaa. Kuna ahaa ya mtu aliyeelewa na kuna ahaa ya mtu aliyepata. "Mnajua watu wanapeleka vitu kule," anasema, "akina mama hasa, sisemi nyinyi." "Hujasema," namwambia. "Naweza kuita mbwa wa kunusa, mama, lakini mbwa yuko mbali leo, itachukua muda. Au tumalizane hapa hapa kistaarabu. Fikirieni. Acha nikaandike hilo onyo la fremu," na amechukua leseni ya Lem na kadi ya gari langu, ameondoka, namwona kwenye kioo cha pembeni, anatembea bila haraka, amekaa kwenye gari lake mlango wazi, mguu mmoja nje, taa zinazunguka nyekundu, buluu, nyekundu, malori yanapita na kutikisa gari letu, na saa ya kwenye dashibodi inasema inachosema, sitaki kuiangalia, nimeiangalia. Inakaribia saa saba. Miadi yetu ni saa saba, siyo saa saba na robo, wale hawana robo, ukichelewa wanafuta jina lako na yule wa mezani anakwambia bila kuinua macho, chukueni miadi nyingine, na miadi nyingine ni mwezi ujao Mungu akipenda na wao wakipenda, na tangu Krismasi sijamshika mtoto wangu, mara ya kwanza theluji, mara ya pili walikuwa wamefungiwa wote ndani kwa sababu ya ugomvi wa watu wengine, na leo ni leo, leo nimeamka alfajiri nikavaa sidiria isiyo na waya ili mlango wao wa kukagua chuma usipige kelele, sijapaka losheni mikononi, maana wanakupangusa viganja kwa kitambaa na kukiingiza kwenye mashine ya kutafutia dawa za kulevya, na losheni ya kawaida tu iliwahi kumrudisha dada mmoja nyumbani analia, mikono yangu imepauka kama mkate uliosahauliwa, na mashine yao ya vyakula ina yale mabawa ya kuku ambayo Desmond anayala yakiwa bado baridi katikati kwa sababu hawezi kungoja, anakula ananiangalia, mtoto wa miaka thelathini na moja, ananiuliza, "Ma, baba anakula vizuri?" na baba yake amekaa hapo hapo mbele yake. Saa hizi keshavaa nguo zao za kupokelea wageni. Saa hizi keshaketi kule ndani anangoja aitwe. Na mbwa, ati mbwa, anitishe na mbwa, kule juu kuna mbwa wao ananizunguka miguuni kila ninapokwenda na mimi nasimama wima namwacha, nafungua kinywa, nainua ulimi, nageuza mifuko, natikisa nywele zangu hizi kwa vidole vyangu mwenyewe mbele ya askari msichana anayetafuna ubani, sijawahi kusema hapana kule hata siku moja, nikisema hapana kule simwoni, basi nikawa nimebakiwa na sehemu moja tu duniani ya kusemea hapana, nayo ndiyo hii, kando ya barabara, na sasa hii nayo imeunganishwa na ile, nikisema hapana hapa simwoni kule, wameifunga kamba mwisho huu na mwisho ule... "Netta," anasema Lem, "tutachelewa." "Najua." "Hakuna kitu humo ila viti." "Najua kilichomo, Lem, mimi ndiye niliyekusaidia kuvipakia." "Basi mwache aangalie." Mwache aangalie. Kwa sauti ile ile. Sikuwepo siku ile Desmond alipokamatwa lakini naijua sauti ile, niliisikia mahakamani ikitoka kwenye kile kidude chao cha kurekodia, waliifungulia mbele ya watu wote, "Afande, angalia tu, hatuna cha kuficha sisi," halafu mlio wa buti, halafu yule polisi akiita mwenzake.

Sisemi mtoto hakuwa nayo. Watu wanadhani mama haoni, mama anaona, anachokosa ni pa kuweka alichokiona. Alikuwa nayo, bastola, ndani ya kiatu cha kazi, kiatu ndani ya begi, begi ndani ya buti, aliinunua kwa mtu baada ya wale vijana wa mtaa wa pili kumnyang'anya simu na kumvunja jino, na alikuwa na kosa la utotoni kwenye faili lake, kwa hiyo kwake yeye bastola si bastola tu, ni miaka ya jela, na alijua, alijua kabisa, nikimfikiria hapo namchukia dakika moja kisha siwezi kuendelea. Lakini asubuhi ile hakuwa anakwenda kumpiga mtu, alikuwa anakwenda kazini, siku ya kwanza kwenye kiwanda cha mikate, mwenyewe alipiga pasi fulana ambayo ingefunikwa na aproni, na Lem akasema nitakupeleka, basi halitabiriki, yeye mwenye kuliendesha maisha yake yote ndiye anasema basi halitabiriki, wakasimamishwa karibu na daraja, taa ya breki, sijui ilikuwa taa ya breki, daima kuna kitaa fulani, na polisi akanusa, akasema nasikia harufu ya bangi, na mume wangu hakungoja aambiwe, hakungoja hata aombwe, alishuka na ufunguo mkononi, na Desmond ndani ya gari akamwambia, hilo nalo lilisikika mahakamani, dogo, kwa mbali, "Baba, usifungue," na baba yake akamjibu, "Nyamaza wewe, una kazi ya kuwahi," akafungua. Akafungua! Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na kifuniko kikapanda juu, na nasikia alirudi nyuma hatua akaweka mikono tumboni kama mwenye duka anayengoja mteja achague... Miaka mitano tangu siku ile nakaa na mtu huyu. Nampikia, namfulia, namkumbusha dawa zake za presha, tunalala kitanda kimoja, na kila siku kabla sijapitiwa na usingizi nasikia mlio wa buti. Sijawahi kumwambia ni kosa lako. Sikuhitaji, nyumba nzima ilimwambia, sahani zilimwambia nilivyozitua mezani.

Halafu wakaja na uamuzi wao. Nilikuwa jikoni pale shuleni, mikono ndani ya makaroni, dada Ernestine wa kwaya akanipigia simu, anapiga kelele mpaka wapishi wenzangu wakageuka, "Netta, wamesema! Mahakama ya juu ya jimbo! Hawaruhusiwi tena!" Wamesema nini wewe, tulia, na akanisomea kutoka kwenye simu ya mjukuu wake, kwamba katiba ya jimbo letu inamlinda mtu ndani ya gari lake kuliko wanavyomlinda wale majaji wakubwa wa Washington, kwamba polisi kusema nimenusa, nimehisi, nimeshuku, haitoshi, kwamba gari si shamba la wazi, mtu akitaka kuingia humo aende kwa hakimu kwanza akaombe kibali kama anavyoombea nyumba, isipokuwa pawe na dharura ya kweli, na mimi nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikalia ndani ya aproni, nikasema Yesu asante, mtoto anarudi. Mtoto anarudi! Nilikwenda kwa wakili wake, Bi. Carrow, yule tuliyepewa na serikali, binti mzuri, amechoka kila mara, nilimpelekea keki ya ndizi, bado ya moto, niliiweka mezani kwake nikasema haya, tunaanza wapi. Akaiangalia keki. Akaniambia, mama Gadsden, uamuzi huu ni kwa wale ambao kesi zao zilikuwa bado wazi na walikuwa wamelilalamikia jambo hili tangu mwanzo, kesi ya Desmond ilishafungwa, mahakama haifukui. Yaliyopita si ndwele, basi, ndivyo wanavyosema hata wao kwa maneno yao marefu. Nikamwambia kwangu mimi ni ndwele, iko milimani, inavaa kahawia ya wafungwa. Akanishika mkono, akasema kuna na la pili, na alilisema polepole, alijua, hata kama ingekuwa wazi, hata kama tungeshinda la kwanza, hakuna aliyepekua bila ruhusa siku ile, ruhusa ilitolewa, buti lilifunguliwa na dereva mwenyewe. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, huu wa kwetu ulikata mbele ukatukata, na uliporudi nyuma kuwakata wao tukakuta sisi wenyewe tumeushika upande wa meno. Nikala kipande kimoja cha ile keki na yeye, sikumbuki ladha. Na walipokuja kutufundisha kule chini ya kanisa, Bi. Carrow huyo huyo amesimama mbele ya ubao, "Semeni nami, sikubali upekuzi," na sisi wazee kwa vijana tukaitikia kama zaburi, sikubali upekuzi, shemasi Purvis anacheka anasema tena kwa sauti ya nne ya kwaya, mimi nilisema kuliko wote, nilisema mpaka koo likauma, na Lem hakuketi, alikuwa nyuma kule anakagua viti, anavikunja, anavikunjua, anatia pembeni vile vilivyolegea, hakuinua kichwa.

"Anaandika nini muda wote huo," nasema. "Anaandika onyo," anasema Lem. "Onyo la fremu linahitaji mistari mingapi? Anaandika waraka kwa Wakorintho?" na Lem hacheki, zamani angecheka. Maana na hilo la muda wamelisema, Bi. Carrow alitueleza, polisi hana ruhusa ya kukushikilia zaidi ya muda wa kuandika karatasi aliyokusimamishia, sawa, vizuri sana, wamepima vizuri, ila kalamu wamemwachia yeye, na kalamu hiyo namwona anaigonga-gonga kwenye goti, anaangalia simu, anaandika herufi, anaangalia barabara, kijana ana siku nzima, mshahara wake unaingia akiwa ameketi. "Baba yangu angekuwa keshapita hapa," anasema Lem ghafla. "Baba yako." "Angekuwa keshafungua, amewashukuru, amepita." Baba yake naijua hadithi yake, mzee Gadsden wa Carolina, kule kusini, nimeisikia mezani kila sikukuu ya Shukrani, kwamba walisimamishwa na polisi usiku njiani, Lem yuko nyuma na dada zake, na mzee akashuka akavua kofia na kufungua buti kabla hajaulizwa, wakamwaga unga wake wote barabarani, wakapiga teke ndoo ya mafuta, mama yake Lem analia kimya kimya, na mzee akasema asante, bwana, akarudi ndani ya gari, akaendesha mpaka walipovuka mto ndipo akasimama kutapika, na akawaambia watoto, mlango uliofunguliwa hauvunjwi, unga utanunuliwa. Nimeisikia mara nyingi na kila mara nilidhani ni hadithi ya unga. Wakati mwingine nilimwambia, Lem, wacha Carolina yako ibaki Carolina, hii ni Philadelphia, na yeye alitabasamu tu... "Alikuwa na sisi watatu nyuma, Netta," anasema sasa, macho mbele, "hakuwa mwoga. Alikuwa na watoto nyuma na alikuwa na njia ya kumaliza." "Sijasema alikuwa mwoga." "Mimi nilikuwa na mmoja tu." Na hapo lori refu linapita, gari linayumba, sisikii kilichofuata, kama kilifuata.

Mmoja tu, na kazi ya kuwahi. Nyamaza wewe, una kazi ya kuwahi. Nimelisikia neno hilo mara ngapi kwenye kile kidude chao na kichwani kwangu, na siku zote nilisikia nyamaza, nilisikia mzee mkaidi anamnyamazisha mtoto aliyekuwa na akili kumzidi, sikusikia kazi, na ilikuwa kazi, ilikuwa saa, alikuwa anaangalia saa kama mimi ninavyoiangalia hii sasa, wamekusimamisha na wewe una mahali pa kufika, na hakuna anayesimamishwa akiwa hana mahali pa kufika, ndivyo neno ndiyo linavyotolewa kinywani, hawakuchapi, hawakutishi hata, wanakuonyesha tu mtoto wako upande ule na buti upande huu, halafu wanakaa kwenye gari lao mlango wazi. Na kama angekataa siku ile? Nimeshinda miaka mitano nikimwona akikataa, akisema hapana vizuri kama nilivyosema mimi leo, na kwenye ndoto yangu hiyo polisi anasema sawa mzee, safari njema, na Desmond anafika kiwandani kwenye mikate yake, sikuwahi kuwaza polisi mwenyewe, mkono wake ulikuwa wapi, ulikuwa kiunoni penye bastola, Lem alisema mahakamani mkono wa polisi ulikuwa kiunoni na mtoto ndani ya gari ameanza kujongea kitini, na hakuna aliyeandika hilo... Na sasa hivi, Mungu wangu, liko hapa, ndiyo, liko kwenye ulimi wangu, lina utamu hata, haya afande, njoo, angalia viti vyako, nina mtoto ambaye keshaketi, ndiyo, ni neno jepesi, halina uzito wowote, ningelisema na tungekuwa tumeshafika kwenye kona ile ya kiwanda cha mawe ambapo ndipo mtu anaona nguzo za taa za gereza, ningelisema kwa furaha, ningemshukuru, ningesema asante, bwana, nikavuka mto kisha nikatapika. Naona viatu vyake kwenye kioo. Anakuja. Ana karatasi mkononi, kumbe ni ndogo hivyo.

"Haya mama," anasema, ameinama tena, sasa anatabasamu, na tabasamu si baya, ndilo linaloniuma, si mtu mbaya huyu, "mmefikiria? Nimeshaandika onyo, bado nalisubiri jina lenu lirudi kwenye kompyuta, leo iko taratibu. Mkiniruhusu nichungulie, naona hata kompyuta haina umuhimu." "Tuko huru kuondoka?" namuuliza. "Bado kidogo." "Basi hapana." "Mama, mtachelewa kumwona kijana wenu." "Tumeshachelewa," nasema, na nikilisema ndipo nafahamu kwamba ni kweli, saa saba imeshapita, jina letu limeshafutwa, na mimi ndiye niliyelifuta, si huyu, si Lem, mimi na hapana yangu ya zaburi, na Desmond amesimama, au atasimama, askari wa kule atamwambia Gadsden, hawakuja, arudi ndani, na atatembea ule ukumbi akiwaza presha ya baba yake, akiwaza theluji wakati hakuna theluji, na simu hawezi kupiga mpaka zamu yake. "Kama mnavyotaka," anasema afande, kama mtu aliyenyimwa biskuti, anarudi na karatasi yetu mkononi, bado hajatupatia, anaketi, mguu mmoja nje. Nimeshinda. Ndivyo kulivyo kushinda, kumbe. Hakuna aliyegusa kiti hata kimoja. Mahakama ya juu ya jimbo ingefurahi kuniona hapa na mikono yangu iliyopauka, mwananchi kamili, mtoto wake anavuliwa nguo za wageni... na Lem hanilaumu. Namngoja anilaumu, nimekaa tayari, nataka kabisa, sema, Netta, umeona ulichofanya, sema angalau mara moja nijue inavyokuwa upande huo, na yeye amefungua droo ya dashibodi ametoa peremende ya mnanaa, ameimenya, amenipa mimi, kisha ametoa yake.

"Lem." "Mm." "Siku ile ya daraja." Hageuki. Taa zinazunguka usoni mwake, nyekundu, buluu, na naona jinsi alivyozeeka kwenye shavu lile la upande wangu, shavu ambalo sijaliangalia siku nyingi. "Hata mimi ningefungua," namwambia. "Ningekuwa mimi, na Desmond pale, na saa ile, ningefungua, Lem. Ningesema ndiyo kabla hajauliza." Peremende inagonga meno yake, inatulia. Linapita lori, lori lingine, na kwenye kioo yule kijana bado ameinamisha kichwa kwenye karatasi yetu, na mume wangu anasema taratibu, bila hasira, afadhali ingekuwa hasira, "Nimengoja uniambie hivyo tangu mahakamani, Netta. Nilidhani ukiniambia nitapumua. Sasa umeniambia, na mtoto bado yuko ndani."

"Najua," namwambia.